Kwa Nini Mwenye Bwawa Hulala Chini ya Tuta

Enzi ambazo milima ya Kwemboga ilikuwa na vijito vingi kuliko watu, mwenye bwawa alijenga nyumba yake juu, kando ya maji, penye upepo mzuri. Chini ya tuta walikaa wengine. Hakuna aliyeona ajabu.

Katika milima hiyo alikuwako tajiri wa ng'ombe aliyeitwa Sekiete. Alikiziba kijito kilichopita shambani mwake kwa tuta la udongo, maji yakajaa, akapata bwawa. Halikuwa la kunyweshea mifugo wala kumwagilia mahindi. Lilikuwa la starehe tu. Aliwaalika watu waogelee, washindane kwa vyelezo vya migomba, wanywe pombe ya miwa mpaka jua lizame. Watu walimpenda.

Nakijwa, mjane wa ndugu yake Sekiete, aliishi chini ya tuta. Naye alimpenda shemejiye, mpaka kiangazi kimoja alipokuta migomba yake imesimama kwenye tope. Mvua haikuwa imenyesha. Akalitazama tuta, akaona udongo unatoka jasho.

"Ni umande tu, shemeji," Sekiete alimwambia akicheka. "Tuta lile nimelishindilia kwa kwato za ng'ombe wangu wote."

Umande gani huo usiokauka hadi alasiri? Nakijwa akaanza kumchunguza. Ndama waliozoea kufungwa bondeni walikuwa wamehamishiwa kilimani. Mizinga ya nyuki ya Sekiete, iliyoning'inia chini ya tuta, nayo ikaondolewa. Alipouliza, aliambiwa bondeni malisho yamekwisha. Wakati huo majani yalimfika magotini.

Aliwaeleza majirani. Wakasema ana wivu. Hata dada yake, Namsifu, alimkemea: "Nyamaza, utatuharibia sherehe!" Nakijwa akaanza kujishuku mwenyewe. Huenda kweli ulikuwa wivu.

Mvua za vuli zilipoanza kunyesha, Sekiete aliita watu kama kawaida. Nakijwa alipanda hadi bwawani, akamkabili mwenyeji mbele ya wazee.

"Shemeji, nimepika makande. Twende ukale kwangu, ukae mpaka mvua ikatike."

"Nina wageni, shemeji."

"Basi aje mwanao mkubwa."

"Ana homa." Mwanawe alikuwa palepale, akipiga mbizi.

"Na mkeo je?"

Macho ya Sekiete yalimponyoka, yakaenda kwenye tuta, na macho ya watu wote yakayafuata.

Wa kwanza kuruka kutoka majini alikuwa Namsifu, maana watoto wake walikuwa bondeni. Watu walishuka mbio, wakabeba wachanga, wakawashika vikongwe mikono, wakaswaga mbuzi. Wa mwisho walikuwa bado wanapanda kilimani, tuta lilipopasuka. Nakijwa alitazama paa la nyumba yake likienda na maji, akalia. Alikuwa ametamani sana awe amekosea.

Hakufa mtu. Sekiete alikiri mbele ya wazee kwamba alijua, akanyamaza asije akaamriwa kulifungua bwawa. Hawakumfukuza. Walimtaka awajengee nyumba wote waliopoteza zao. Bwawa angeweza kulirudisha akipenda, ila nyumba yake ingetangulia, chini ya tuta, naye alale humo na mkewe na wanawe.

Alijenga. Safari hii tuta lilikuwa nene maradufu, lenye njia ya kupunguzia maji, na kila asubuhi alionekana akilipapasa kwa viganja.

Na tangu siku hiyo, milimani huko mwenye bwawa hulala chini ya tuta lake. Wageni wakifika kuogelea hawavui nguo papo hapo. Huchungulia kwanza bondeni, waone kama moshi unafuka jikoni kwa mwenyeji. Wasipouona, hawaulizi neno. Hugeuka wakarudi makwao.