Daftari la Nawres na Nzi wa Mizeituni

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wahenga hawakusema kwamba kidole hicho ni kivivu au hakina akili. Walisema tu kwamba chawa atateleza pembeni na kwenda zake. Mtu anaweza kuwa hodari, mwenye bidii na moyo safi, na bado kazi ikamshinda kwa kuwa amejifungia nayo peke yake. Kama hamsadiki, msikilizeni Nawres Kammoun, binti wa kwetu Sfax, mji ambao watu wake husifika kwa kuchapa kazi na kwa kutopenda kuomba msaada.

Nawres alisomea takwimu. Alikuwa ameunda kwenye kompyuta daftari la kuwaonya wakulima kabla nzi wa mizeituni hajatua mashambani. Lilikuwa daftari la visanduku: unaandika maagizo kisandukuni, kompyuta inayatekeleza, na jibu linatokea chini yake. Watu kadhaa waliweza kulifungua kwa pamoja, kila mmoja mjini kwake, wakaandika huku wakionana papo hapo. Nawres hakutaka hata kuisikia habari hiyo. Alilifunga kwa nywila.

"Tufungulie basi na sisi," Ghassen alimsihi kwenye simu iliyowaunganisha watatu. Ghassen na Yosr walikuwa marafiki zake tangu chuoni. Mmoja alifanya kazi Bizerte, mwingine Doha. "Tutavua viatu mlangoni, wallahi."

"Nyie mna kejeli. Ndani kumevurugika. Kukiwa safi nitawaita."

"Lini? Siku ya kiama?" Yosr akadakia.

Nawres alicheka, akakata simu. Aliwapenda kama ndugu wa tumbo moja, lakini aliwaonea haya.

Haji Mabrouk, mwenyekiti wa chama cha wakulima, naye alikuwa na lake. "Binti, siku ukiumwa, nani atatuonya?"

"Siumwi, Haji."

Msimu uliopita nzi walikuwa wameharibu zeituni vibaya, na sasa wakulima waliitisha mkutano waamue: watumie daftari la Nawres, au warudie kupulizia dawa kwa kubahatisha. Likikataliwa, jasho lake lote lingekuwa limemwagika bure.

Usiku wa kuamkia mkutano alilifagia daftari lake. Alifuta visanduku alivyoviona vimepitwa na wakati, akaliendesha, na majibu yakaja sawasawa. Masikini, hakujua amefanya lile kosa la watu wa madaftari haya. Kisanduku kimoja alichokifuta, cha joto la mashambani, kilikuwa bado kinahitajika, ila kompyuta yake ilikuwa haijazimwa, ikawa inakumbuka yaliyokuwamo. Ukifungua daftari hilo kwenye kompyuta nyingine, kumbukumbu hiyo haipo.

Na kompyuta ya ukumbi wa chama ilikuwa nyingine kabisa. Wakulima walikuwa wameketi, mkate na mafuta mezani, na mbele ya Haji zile pembe za mbuzi ambazo wachumaji huzivaa vidoleni kukwangulia zeituni. Daftari likaonekana ukutani, kubwa, kila mtu akiliona. Nawres akaliendesha kuanzia juu. Mara yakatokea maandishi mekundu: hakuna kitu kinachoitwa joto.

Akajaribu tena. Mekundu yale yale.

"Jana lilikuwa linafanya kazi," alisema kwa sauti ndogo.

"Jana hata mimi nilikuwa kijana!" mkulima mmoja akamtupia, na ukumbi ukaangua kicheko.

Nawres akatamani ardhi ipasuke. Aliziangalia nyuso zile, nyuso za watu waliomwona akikua, akajua kwamba akiondoka hivi hivi hawatamwita tena. Akapiga moyo konde. Akatoa simu, akawatumia marafiki zake nywila na neno moja: "Njooni."

Haikuchukua muda. Ukutani vikaingia vishale viwili vyenye majina, cha Ghassen kijani, cha Yosr cha rangi ya chungwa. Herufi zikaanza kujiandika zenyewe, na wazee wakaacha kutafuna.

"Umefagia nyumba ukatupa na ufunguo," Ghassen aliandika pembeni. "Kisanduku cha joto kiko wapi?"

"Nilikifuta."

"Mungu akusamehe. Nakirudisha. Wewe leta vipimo vya mashamba ya pwani."

"Ghassen, toka kwenye kisanduku changu, unanifutia mchoro!" Yosr akaandika.

Wakulima walisoma kwa sauti, wakacheka hadi machozi, safari hii bila kumcheka mtu. Nawres naye akacheka huku vidole vyake vikikimbia. Watatu hao waliandika, wakagongana, wakarekebishana, kisha daftari likaendeshwa upya toka juu hadi chini. Wekundu ulikuwa umetoweka. Mchoro ukasema nzi watatua kwanza mashamba ya pwani, tena wiki hiyo hiyo.

"Kwangu huko!" alisema yule mkulima aliyedai jana alikuwa kijana, akasimama kutafuta kofia yake.

Haji Mabrouk akamwashiria akae kwanza. "Binti, leo nilikuja kukataa," alisema. "Daftari lako sikuwa na ubaya nalo. Niliogopa tutategemea mtu mmoja, siku akipata homa tumekwisha. Kumbe una wenzako!" Akazivaa zile pembe, moja kidole gumba na mbili vidole vinavyofuata, akauinua mkono. "Mama yangu alichuma hivi. Angevaa moja, angekuwa bado yuko kwenye mti wa kwanza."

Chama kikakubali, kwa sharti kwamba mlango wa daftari usifungwe tena. Nawres alifuta machozi. Akaongeza kisanduku kipya mwanzoni kabisa, mahali pa kila anayeingia kusoma kwanza, akaandika: "Karibuni. Ndani kumevurugika. Msivue viatu."

Chini yake kishale cha kijani na cha rangi ya chungwa vikaruka-ruka kwa furaha. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.