Aliyemfikisha Mtoto kwa Bibi

Kaeni vizuri. Atakayesinzia, ndiye nitakayeanza kumuuliza.

Kwenye vilima vya chai aliishi Bibi Subilaga, hodari wa jembe, mwoga wa simu. Bintiye Lugano alikuwa amejifungua mtoto wa kike ng'ambo. Kwa ukoo wao, mtoto wa ugenini hupewa jina na bibi yake akiwa anamtazama, kabla jua la siku ya saba halijazama, na huitwa jina la yule aliyemfikisha kwa bibi. Zamani haikuwa kazi: ni yule aliyembeba mgongoni. Siku ikipita, jina hutolewa na upande wa baba. Huyu alikuwa mjukuu wake wa kwanza, na Bibi hakutaka hata kulifikiria hilo.

Bahati nzuri alikuwa akisoma darasa la watu wazima la kutumia simu, hata kupiga ile ya video ya kuonana uso kwa uso. Jumamosi walikutana ofisi ya kijiji, siku nyingine masomo yaliwafuata kwenye simu. Mwalimu Atuganile, akijua Bibi hajui kusoma, alimrekodia kila somo kwa sauti, polepole, alisikilize akichuma chai. Bibi alikuwa akiiitikia ile sauti: "Ndiyo, mwalimu."

Masikio yakaelewa, vidole vikagoma. Vilikuwa vimekomaa kwa kuchuma, kioo cha simu hakivisikii kabisa. Jirani yake Tumpe, mwanafunzi mwenzake, akawa anakuja kila jioni kumkanda vidole kwa mafuta, kisha anamshika mkono na kurudia naye, bonyeza hapa, subiri, bonyeza pale. Wakikosea, walicheka mpaka uji unapoa.

Siku ya saba umeme ukakatika na simu ya Bibi ikaisha chaji. Mwalimu na Tumpe walikuja mbio, lakini simu zao nazo zilikuwa zimezima. Jua lilikuwa limeshainama. Sekela, wa darasa hilohilo, alikuwa na simu yake akifanya mtihani wa mwisho, unaofungwa saa kumi na mbili. Akauacha katikati.

"Shika, mama. Cheti nitakitafuta mwakani."

Bibi akapiga mwenyewe, halafu akaibandika simu sikioni.

"Mama, naona sikio tu," Lugano akamwambia huku akicheka.

Akaishusha. Mjukuu huyo hapo, anapiga miayo. Bibi akalia bila kujificha.

"Mama, jua la huko halijazama? Anaitwa nani?"

Bibi akawatazama wale watatu waliomzunguka. Aliwapenda wote, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

Haya, semeni upesi, mtoto anasubiri: mngekuwa nyie Bibi Subilaga, mngemwita Atuganile, Tumpe au Sekela?