Hapa pa Mzee Dibwa

Shauri la Kumtaka Mzee Dibwa Ataje Mahali Anapovulia Mkundaji, Pamoja na Mambo Mengine Yatakayojitokeza.

Ndivyo lilivyoitwa jambo lenyewe, na kwa jina hilo hilo refu lilitangazwa kwa pembe kijiji kizima. Kabla sijaendelea: paukwa.

– Pakawa.

Huyo wa nyuma kaitikia huku anatafuna. Paukwa.

– Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ya kweli, wakati watu walikuwa bado wanaogopa kusema uongo mbele ya wakwe zao, palikuwa na kijiji kando ya ghuba. Sikitaji jina, maana ni kijiji cha kwetu na mimi nina aibu zangu. Ghuba yenyewe ilikuwa pana, ila maji yake mafupi: hapa magotini, pale kiunoni, kwingine hata kuku angevuka kama ana haraka. Chini mchanga, na juu ya mchanga majani ya bahari. Katika majani hayo ndimo alimokaa mkundaji.

Mkundaji mnamjua. Samaki mwekundu, mnene, mtamu. Ana ndevu mbili kidevuni kama mzee wa baraza, na kazi yake kutwa ni ile ile ya mzee wa baraza: kutia ndevu mchangani na kuchafua maji.

Watu wote waliingia majini kumtafuta. Chwa, chwa, chwa. Wakasimama na mishipi yao. Wakatoka. Chwa, chwa, chwa. Vikapu vitupu.

Mzee Dibwa naye akaingia. Chwa, chwa, chwa. Akatoka na kikapu kimejaa, mikia myekundu inachungulia nje.

"Ana mahali pake," watu wakasema.

"Ana dawa."

"Hana dawa. Ana mahali, na anatuficha."

Wakamvizia. Pale aliposimama Dibwa leo, kesho yake wakasimama wao, bega kwa bega kama watu wa arusi. Hawakupata hata kaa. Na Dibwa yuko kule, mbali, peke yake, anachomoa mkundaji.

Ndipo wakaenda kwa mkuu wa kijiji, Jumbe Mwinyimvua. Jumbe alikuwa mtu mwema, ila alipenda kila kitu kikae mahali pake. Nyumbani kwake palikuwa na kigingi cha kofia, kigingi cha fimbo, na kigingi cha kuning'inizia vigingi vya akiba. Akaitisha baraza. Wazee wakaketi kwa kufuata ukubwa wa vilemba. Mmoja wao alikuwa babu wa babu yangu. Mchango wake wote katika utawala wa kijiji chetu ulikuwa maneno mawili, "Naunga mkono," na aliyatoa bila ubahili.

Dibwa akaitwa.

"Mzee Dibwa," Jumbe akasema, "unavulia wapi?"

"Huku, Jumbe wangu."

"Huku wapi?"

"Huku huku."

"Huku si jawabu. Mimi nataka hapa. Mtu akiulizwa kaburi la baba yake hasemi ni huku. Anaonyesha, anasema ni hapa."

"Baba amelala, Jumbe. Mkundaji anatembea."

Wazee wakanong'ona. Mmoja akauliza kama maneno yale yahesabiwe kuwa hekima au utovu wa adabu. Ikaamuliwa kwamba swali hilo litazamwe kikao kijacho.

Kisha Jumbe akatoa amri. Kesho kutwa, maji yakipwa, Mzee Dibwa achomeke kigingi mahali anapovulia, mbele ya baraza, na avue hapo hapo watu waone. Akipata samaki, mahali hapo patakuwa pa kijiji chote. Akikataa kupaonyesha, au akionyesha pasipo na kitu, basi hatatia mguu majini tena maisha yake.

"Naunga mkono," akasema babu wa babu yangu.

Puuu! Pembe ikalia. Amri imepita.

Sasa, Dibwa hakuwa na shamba. Hakuwa na mbuzi. Alikuwa na ghuba, na alikuwa na mkewe Bi Chiku. Nimeitanguliza ghuba kama Bi Chiku mwenyewe alivyokuwa akiitanguliza.

Jioni ile Dibwa alikaa kibarazani, chakula kinapoa.

"Si uwaonyeshe tu, bwana we," Bi Chiku akasema. "Ghuba si ya mama yako."

"Niwaonyeshe nini? Sina mahali."

"Basi waambie huna."

"Chiku, watu wananiita mwenye hekima."

"Mimi sikuiti."

"Ndiyo maana wewe nakwambia."

Akamwambia, na Bi Chiku akasikiliza kama mtu asiyejua. Dibwa alikuwa anatembea tu. Anatembea mpaka aone moshi ndani ya maji, yaani lile vumbi la mchanga linalopanda pale mkundaji anapofukua chakula. Asipouona moshi, anamtafuta kulastara, yule ndege wa miguu mirefu anayekula samaki. Kulastara akinyata, Dibwa ananyata. Kulastara akisimama, Dibwa anasimama.

"Hekima yote ni ya ndege," akasema. "Mimi nimeongeza kofia."

"Na siku unazokosa?"

"Siku nikikosa napita nyuma ya makaburi, wasinione na kikapu kitupu."

"Najua," Bi Chiku akasema. "Ndizo siku tunazokula mchicha, ukaniambia leo tumbo lako halitaki samaki."

Siku ya amri ikafika. Maji yakapwa. Kijiji kizima kikajaa ufukweni, na baraza likaingia majini. Wazee walikuwa wamepandisha kanzu, na miguu ambayo watu hawakuwa wameiona tangu utawala uliopita ikaonekana. Mbele yao Dibwa, mshipi mkono huu, kigingi mkono huu. Mbali kidogo, kulastara amesimama kwa mguu mmoja, anawatazama.

Dibwa akaona moshi. Mwembamba, karibu na majani. Akaenda. Chwa, chwa. Akachomeka kigingi. Ndi.

"Hapa," akasema.

Jumbe akatabasamu, maana neno lake lilikuwa limesemwa. Baraza likasogea kushuhudia. Chwa, chwa, chwa, chwa, chwa. Vilemba vikazunguka kigingi. Dibwa akatupa mshipi. Wakangoja.

Moshi umeisha. Maji meupe kama ya kunawa.

Wakangoja tena. Maji yakaanza kujaa, yakaja juu ya goti, yakashika kanzu. Ufukweni mtu akasema, "Nilisema ana dawa, na dawa leo imegoma."

"Mzee Dibwa," Jumbe akasema, "mahali pako pako wapi?"

"Palikuwapo, Jumbe."

"Palikuwapo si jawabu pia."

Jumbe akamgeukia mpiga pembe. Mpiga pembe akajaza pumzi, mashavu yakavimba. Dibwa akaitazama ghuba yote, kama mtu anayetazama nyumba anayohamishwa. Na huko mwisho wa macho yake akamwona kulastara anashusha mguu wa pili. Ananyata.

Dibwa akang'oa kigingi. Akakiweka begani.

"Unakwenda wapi na kigingi cha baraza?"

"Jumbe wangu, uliniamuru kigingi kikae mahali ninapovulia. Mahali pameondoka. Nakipeleka."

"Mahali hapaondoki."

"Hapa pa nchi kavu hapaondoki. Hapa pa majini huondoka. Pamekwenda huku."

Mpiga pembe akabaki na pumzi yake mdomoni, hajui aitoe au aimeze. Jumbe akafikiri. Amri ilisema kigingi na mahali vikae pamoja. Haikusema nani amfuate mwenziwe.

"Twende," akasema.

"Twende wewe na mimi," Dibwa akasema. "Wazee wangu wabaki walipo. Wakija wote, hata mimi nitakimbia."

"Naunga mkono," akasema babu wa babu yangu, ambaye maji yalikuwa yamemfika pabaya.

Wakaenda wawili. Hawakwenda chwa chwa chwa. Walikwenda chwa. Wakasimama. Chwa. Wakasimama. Kulastara mbele, Dibwa nyuma yake, Jumbe nyuma ya Dibwa ameshika kilemba kisidondoke. Hata ungeuliza siku ile nani mkuu wa kijiji, ungeonyeshwa ndege.

"Unaona?" Dibwa akanong'ona.

"Naona maji."

"Ndani ya maji."

Jumbe akainama mpaka ndevu zake zikagusa maji. Akauona. Moshi mdogo, unapanda kutoka mchangani, kama wa jiko la mtu asiyetaka wageni.

Ndi. Kigingi kikasimama.

"Hapa," Dibwa akasema, akatupa mshipi.

Mshipi ukacheza. Ukakaza. Ukatoka na mkundaji, mwekundu kama aliyesingiziwa. Jumbe akamshika kwa mikono yake mwenyewe, akazitazama zile ndevu mbili.

"Hapa," akasema taratibu.

"Hapa pa sasa hivi," Dibwa akasema. "Angalia, kulastara ameshahama."

Jumbe akang'oa kigingi yeye mwenyewe.

Jioni ile baraza likakaa, nguo hazijakauka. Kufuta amri hakukuwezekana, maana amri ya kufuta amri haikuwapo. Basi Jumbe akasema vigingi vibaki kuwa lazima, ila kila mvuvi atembee na chake, akichomeke anapovulia na kuking'oa anapoondoka. Mzee Dibwa aendelee kuvua, kwa kuwa ametaja mahali. Mnajua nani aliunga mkono.

Ndiyo maana mpaka leo watu wa kwetu wakiingia majini hubeba kijiti begani. Wageni hutucheka. Mimi mwenyewe ninacho. Nilipouliza ni cha kazi gani niliambiwa ni cha kuegemea, nami nikaegemea miaka mingi, nikishangaa kwa nini sipati samaki.

Funzo lake, kwa wanaotaka kuondoka na kitu mkononi: ukimtafuta mkundaji, mtazame mkundaji, usitazame kijiti. Kingine ni kwamba yule mzee tunamkumbuka si kwa kujua mahali. Tunamkumbuka kwa kukubali kutembea nyuma ya ndege mbele ya watu.

Hadithi yangu imepandishwa ufukweni. Asiyeshiba akavue yake.

Wanaoisimulia husema kikapu kilijaa siku ile. Hakikujaa. Alipatikana mkundaji mmoja, Bi Chiku akampika, Jumbe akaalikwa akala kichwa, na asubuhi Dibwa akarudi majini.