Toba ya Sedekia Kisimani

Sogeeni karibu. Anayesinzia akalale mapema, maana mwishoni nitauliza swali na sitaki kujibiwa kwa miayo.

Katika kijiji kimoja cha Ugogo, walikuwako watu watatu wenye vipawa. Wa kwanza alikuwa mwinjilisti Anania, mwenye sauti nzito na tulivu. Mtoto akiumwa na nge, Anania aliitwa kwanza, mwenye dawa akafuata. Naye alifundisha kwamba aliyeokoka ameokoka: Yesu amekwisha kulipa ya jana, ya leo na ya kesho, na mtoto wa nyumbani hapigi hodi kwao kila asubuhi.

Wa pili alikuwa Debora. Huyu alinusa jambo lililofichwa kama wengine wanavyonusa ugali unaoungua. Alitubu kila jioni, hata kama kosa lenyewe lilikuwa kumtukana kuku. "Ulioga jana," alikuwa akisema, "ndiyo kusema leo hunuki?"

Wa tatu alikuwa Hosea, mshika kamba wa wachimba visima. Alichokishika Hosea hakikuponyoka.

Na katikati yao alikuwako Sedekia, mume wa Debora, mchimba visima aliyeokoka miaka kumi na miwili nyuma. Hakuna aliyechimba upesi kama yeye. Siri yake? Upande mmoja wa kisima hakuweka magogo ya kuzuia udongo, na waliokuwa juu hawakuliona hilo. Miaka mitatu iliyopita udongo wa upande huo uliporomoka, ukamvunja mguu Mika, mdogo wake Hosea. Sedekia alipoulizwa, alisema Hosea ndiye aliyekanyaga ukingo.

Baraza la kanisa likamtaka Hosea atubu. Hosea akasema hawezi kutubia asilolitenda. Basi akatengwa na meza ya Bwana, akawa anakaa benchi la nyuma wenzake wakishiriki. Kamba aliendelea kuishika, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua. Sedekia naye aliendelea kushiriki. Kila mkate ulipomfikia alijiambia, "Imekwisha kulipwa," akameza.

Asubuhi moja Sedekia alikuwa ndani ya kisima kipya, kina cha watu saba, udongo umeanza kulowa miguuni. Akasikia kokoto moja inaanguka. Akajua. Kabla hajapaza sauti, ukuta wa mashariki ulimshukia, ukamfukia mpaka kwapani. Kamba ilikuwa bado imemzunguka kifua.

Woga ulimshika, woga wa kweli, ule unaomfanya mtu mzima aite mama yake. Akapiga mikono, akafurukuta, na kila alipofurukuta mchanga mwingine ulimwagika. Ukafika mabegani. Hakuogopa kufa tu. Aliogopa atakayekutana naye akishakufa, na mdomoni akiwa na uongo wa miaka mitatu.

Ndipo Anania alipolala kifudifudi ukingoni na kuita, "Sedekia! Wewe ni mtoto wa Mungu hata humo shimoni. Hakuna anayekufukuza. Tulia." Aliita hivyo tena na tena, bila kuharakisha, mpaka mikono ya Sedekia ikatulia. Mchanga nao ukaacha kumwagika. Asingetulia, ungemfunika kichwa.

Ndipo Debora alipoinama na kumwita mumewe, "Baba Yuditi, kuna jambo unalo. Litaje kabla pumzi haijakata!" Sedekia akalia. "Ee Mungu, nisamehe! Upande wa mashariki sikuweka magogo. Hata kisima kile cha Mika sikuweka. Hosea hakukanyaga chochote." Watu waliokuwa wamejazana upande wa mashariki wakaruka nyuma, na mara ile ukingo walipokuwa wamesimama ukameguka. Wasingeondoka, wangemwangukia wote.

Ndipo Hosea, aliyeyasikia yote, kamba ikiwa mikononi mwake, alipohamia upande wa magharibi na kukita miguu. Watu walimtazama yeye, si kisima. Mke wa Mika alisema, "Iachie." Hosea akaikaza kamba. Sedekia akachota mchanga kwa viganja, akijaza ndoo aliyoteremshiwa, na kila alipojinasua kidogo, Hosea alivuta kidogo. Ilipofika alasiri kamba ilikuwa na damu, na Sedekia alikuwa juu, amelala juani, hai.

Wachimbaji wengine wakaweka magogo pande zote, na Jumamosi maji yakatulia kisimani. Desturi yao ilikuwa mchimbaji achote kata ya kwanza, ampe mtu anayestahili kuliko wote. Wakaja watatu.

Anania akasema, "Usinipe kwa ajili yangu. Lakini ukinipa, ujue mambo yamekwisha. Mungu haanzi upya na mtoto wake. Kesho njoo kanisani ukae kwa amani."

Debora akasema, "Ukinipa mimi, kesho utasimama mbele ya kanisa uyaseme tena, na Jumapili ijayo kama kuna jingine, utasimama tena. Mwenzako yuko benchi la nyuma kwa ajili yako. Kulia shimoni hakutoshi. Hata panya akinaswa hulia."

Sedekia akamgeukia Hosea. Hosea alikuwa amefunga viganja kwa kitambaa.

"Kamba nisingeiachia hata kama ungenyamaza," alisema. "Na toba ile ulimwambia Mungu. Mimi niliisikia tu kwa kuwa nilikuwa karibu."

Sedekia akainama akachota. Niwaambieni ukweli, aliogopa pale juani kuliko alivyoogopa shimoni, maana shimoni alitakiwa kusema mara moja tu. Akampe aliyemtuliza, akae kimya kesho? Akampe aliyemfungua kinywa, asimame kesho na siku zote? Au akampe aliyemvuta, amtazame machoni na kumwomba msamaha ambao huenda asiupate?

Watu wanamtazama, na kata iko mkononi. Je, wewe ungempa nani?