Mzee Kirumbi na Sahani ya Kuni

Ngano ya maji! — Itiririke!
Itoke wapi? — Itoke juu!
Ifike wapi? — Ifike masikioni!

Basi kaeni vizuri, na wewe wa pale nyuma acha kutafuna, utanipoteza. Kale, kale ile ambayo bibi yangu naye aliisikia tu, paliondokea mto mmoja na vijiji vitatu: Mlimani, Kati na Bondeni. Mto ulitoka mlimani, ukapita kati, ukaingia bondeni. Hakuna aliyeufundisha.

Watu wakaona mto hauwezi kwenda hivi hivi bila uongozi. Wakakaa kikao, wakala mbuzi, wakaugawa mto. Wakapiga kigingi hapa, wakapiga kigingi pale. Ukawa mito mitatu, kila mto na kamati yake, kila kamati na mwenyekiti wake, kila mwenyekiti na kofia yake. Maji peke yake ndiyo hayakualikwa kikaoni.

Sasa, Bondeni kulikuwa na mjane mmoja, Nakijwa, mkulima wa mpunga, na mpishi ambaye harusi bila yeye haikuwa harusi. Msimu huo mfereji wake ulikauka na miche ikaanza kunyauka. Mpunga ule ukifa, wanawe hawana cha kula mwaka mzima. Aliogopa, jamani. Asikudanganyeni mtu kuwa hakuogopa.

Akaenda kwa mwenyekiti wa Bondeni.

"Baba, maji hayaji."

Mwenyekiti akaiweka kofia sawa. "Mto wetu tumeukagua wote, mama. Ni mzima kabisa, ila hauna maji. Hilo si letu, ni la Kati."

Akaenda Kati. Mwenyekiti wa huko, Senzia, alikuwa amelima ukingo wote, mabiringanya yake yamesimama na miguu majini kama watoto wanaooga.

"Baba, maji hayaji."

"Sisi mto wetu tunautunza, mama. Hata kigingi tumekipaka rangi. Hilo si letu, ni la Mlimani."

Akapanda Mlimani. Mwenyekiti wa huko alikuwa Mzee Kirumbi. Ameuziba mto kwa magogo, amepata bwawa, na bwawani bata wake wanaogelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Maji hayaji bondeni."

Kirumbi akageuka kutazama bwawa lake. "Mbona yapo? Mto wangu unaishia kigingini, binti yangu. Kila mtu na kipande chake, tutaheshimiana." Kisha akakumbuka jambo. "Ila namwoza mwanangu wiki ijayo. Utatupikia pilau?"

Mmemsikia lakini? Kamnyima mtu maji, na papo hapo anamwomba pilau. Kuna nyuso hazina haya.

Nakijwa akawatazama wale bata. "Nitapika, mzee. Nitapika kwa utaratibu wenu."

Desturi yao ya harusi ilikuwa hivi: Mlimani huleta kuni, Kati huleta nyama na bizari, Bondeni huleta mchele. Siku ikafika, wakwe wakafika kutoka ng'ambo ya mlima, wakaketi mikekani, matumbo yao yakisubiri pilau kuliko kumsubiri bwana harusi. Masinia yakaja yamefunikwa. Sinia la kwanza likawekwa mbele ya Kirumbi na wakwe zake. Akalifunua kwa madaha.

Kuni. Kuni kavu, zimepangwa vizuri, na kipande cha ndimu pembeni.

Senzia akafunua lake: nyama mbichi imenyunyiziwa bizari. Mwenyekiti wa Bondeni akafunua lake: mchele mkavu. Na huyu alikuwa ameshanawa mikono.

"Nakijwa, ni nini hiki?" Kirumbi akauliza.

"Chakula chenu, mzee. Mlimani mmeleta kuni, mle kuni. Kila mtu na kipande chake, tutaheshimiana."

"Lakini chakula ni kimoja, binti yangu. Kuni bila mchele zina kazi gani? Mchele bila moto unalikaje?"

"Ndivyo nilivyokuja kukuambia siku ile, mzee, habari za mto."

Baba wa bibi harusi akaanza kukunja mkeka. "Kirumbi, hapa kwenu hata bwana harusi mnagawana? Niambie mapema binti yangu anapewa kipande gani."

Hapo aibu ikamshika Kirumbi mpaka shingoni. Akapandisha kanzu, akateremka bwawani, akaanza kuvuta magogo. Wanaume wote wakamfuata, wakavuta naye wakiwa na nguo zao za harusi. Senzia akashuka kwake, akang'oa mabiringanya ya ukingoni na kuuzibua mto, na uso wake ulikuwa wa mfiwa. Nakijwa amesimama jikoni, kiberiti mkononi, hakiwashi. Wakwe wananuna, watoto wanalia njaa, yeye anasikiliza bonde.

Mwishowe sauti ikapanda kutoka chini, ikipokezwa shamba kwa shamba. Yamefika. Yameingia mpungani.

Ndipo akawasha moto. Alilia kidogo, akasingizia moshi.

Wakala wote sufuria moja, wakashiba. Mzee Kirumbi alipomaliza sahani ya pili alisimama, akaivaa kofia, akahutubia kwamba wazo la mto mmoja lilikuwa lake tangu utotoni. Watu wakampigia makofi. Nakijwa akampakulia sahani ya tatu, akamwacha aseme, maana maji yalikuwa shambani.

Ngano yangu imefika baharini, mimi nabaki nchi kavu. Uliyeisikia iteremshe kwa mwenzako, usiizibe njiani.