Nyumba ya Mzee Mbwarahaji

Ukikaa mbele ya bao leo, utakuta mashimo yake ni mviringo, ila moja katika kila upande, lenye pembe nne, linaloitwa nyumba. Na kete yako ya mwisho ikiangukia humo, mwenzio atangoja useme kwa sauti: nalala, au nasafiri. Mwanzo haikuwa hivyo.

Wakati huo hakukuwa na seremala aliyewahi kuchonga bao. Watu wa Kitokwe walicheza chini, katika mashimo yaliyochimbwa kwa kifuu cha nazi, yote ya duara, yote sawa. Masika yakija, maji yaliyafukia. Kiangazi wakachimba mengine. Namna ya kucheza haikuwekwa mahali popote ila katika mikono ya wachezaji, na mkono uliojua kuliko yote ulikuwa wa Mzee Mbwarahaji wa Mtaa wa Juu.

Mzee huyo alikuwa na binti, Mwanamize, aliyefiwa na mumewe akarudi kukaa kwa baba yake. Ndiye aliyeona kwanza kwamba baba anamwaga chai pembeni mwa kikombe. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba jicho la kulia, kisha akaja kwenye la kushoto. Mzee alificha. Aliendelea kwenda barazani kila alasiri, mpaka siku ile alipogawa kete zake na mkono ukapotea njia, ukaangusha moja upande wa mpinzani.

"Babu, leo unalisha majirani!" akacheka kijana mmoja, Shekuwe.

Mzee akapapasa mashimo ili ajue alipo.

"Aa, aliyegusa kacheza!" wakamwambia, na baraza zima likacheka. Hawakumchukia. Walicheka kama watu wanavyocheka barazani. Lakini Mbwarahaji alitafuta fimbo yake, akainuka, akarudi nyumbani, na hakutoka tena.

Kwa muda vidole vyake viliendelea kugawa kete zisizokuwepo kwenye ukingo wa mkeka. Kisha navyo vikatulia. Hapo Mwanamize akaogopa, maana aliona chakula kinarudi jikoni kama kilivyokwenda.

Mwaka ulipokaribia kuingia, Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini walijiandaa kushindana kama desturi, wakagombana kabla hawajaanza. Shimo la nyumba lilikuwapo tangu hapo, ingawa ni mkono tu uliolijua, na ndilo lililojaa kete kuliko mengine. Je, kete ya mwisho ikiangukia humo, mchezaji anatua, au anazoa zote na kuendelea? Wa Juu walisema babu zao walitua. Wa Chini waliapa kwamba wao waliendelea. Maneno yakapanda, hata posa moja kati ya mitaa hiyo ikarudishwa. Basi wakaenda kwa Mbwarahaji, wakiongozwa na Mwinyi Hatibu, mkubwa wa Mtaa wa Juu.

"Mzee, tuambie tu mlivyokuwa mkifanya."

"Nikwambie nini, Hatibu? Mambo haya sikuwahi kuyasema. Nilikuwa nikiyacheza."

Walimbembeleza. Mzee akakunja uso, akatafuta, mwisho akasema, "Sikumbuki," kwa sauti ndogo hivi kwamba Hatibu aliona haya kuendelea. Mwanamize, aliyekuwa nyuma ya pazia, akaelewa. Mikono ile ikilala, mchezo umekwenda, na baba ataufuata.

Akachimba mashimo uani. Alimshika baba mkono, akimwonyesha: hapa, baba, na hapa. Mzee akauvuta mkono wake. "Ukinishika hivyo, unacheza wewe." Mwanamize akaweka kauri kando ya shimo la nyumba iwe alama, lakini mkono wa kanzu ukaifagia. Alikaa akilitazama shimo lile. Kisha akaenda jikoni, akaleta kisu cha kumenyea muhogo, akakata ukingo wa duara mpaka shimo likawa na pembe nne. La upande wa pili akalikata vilevile.

"Tia mkono sasa."

Vidole vya mzee vikaingia, vikazunguka pembe moja baada ya nyingine. Halafu akacheka, kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekisahau.

"Nani kanijengea?"

Wakacheza, naye Mwanamize akitaja kila alichofanya, ili baba amfuate kwa masikio.

Siku ya mwaka aliwaita watu wa mitaa yote miwili uani kwake. "Hamkumwuliza vizuri," aliwaambia. "Chezeni naye. Ila atakayecheza aseme anachofanya." Aliyesukumwa mbele alikuwa Shekuwe, naye alikaa bila kuinua macho.

Kete ya mwisho ya mzee ikaangukia katika nyumba. Watu wakainama kutazama. Alizigusa pembe kwa kidole, akasema, "Nalala," akarudisha mkono. Mtaa wa Juu wakapiga vigelegele. Haikuchukua muda, kete yake ya mwisho ikaangukia papo hapo. Safari hii alizoa zote. "Nasafiri." Mtaa wa Chini wakaruka.

"Sasa ni ipi, mzee?" Hatibu akauliza.

"Ipi nini? Mimi nikiwa kwangu, jirani ananiamulia kama leo nalala au naondoka?"

Watu wakatazamana, wakaanza kucheka, na wa pande zote mbili walicheka pamoja. Zamu ya Shekuwe ilipomfikisha kwenye nyumba yake, alisema taratibu, "Babu, mimi nalala." Mzee akaitikia, "Lala salama, baba."

Posa iliyorudishwa ikapokewa tena. Na kabla ya masika, Mwanamize alimwomba seremala wa Mtaa wa Chini ayachonge mashimo yale katika ubao, baba asije akayakosa tena kwa sababu ya mvua.

Na tangu siku hiyo, bao lina shimo la pembe nne kila upande. Wenye macho mazima hawalihitaji. Hata hivyo seremala halichongi mviringo, na mchezaji hapiti hapo kimya. Husema, kana kwamba aliyeketi mbele yake haoni.