Dari Pana ya Fundi Madi

Haya, nikisema "zamani," nyie semeni "tupeleke." Zamani.

Tupeleke.

Zamani.

Tupeleke.

Zamani hizo mimi sijazaliwa, bibi yangu hajazaliwa, na hilo jua mnaloliona lilikuwa bado geni geni. Kulikuwa na mfalme, Fumo Shekuwe. Hakuogopa mtu ila maharamia. Wale wakija wanachoma nyumba, wanabeba watu. Basi akataka ngome. Akamwita Fundi Madi, ambaye kwa kuchora ngome na kuiinua, pwani nzima hakuna wa kumpita.

Mfalme akamwambia, "Humo ngomeni nataka ukumbi mpana. Nikikaa, nione watu wangu wote. Nguzo katikati sitaki, zitanikinga macho."

Sasa sikieni. Dari za mawe zilikuwa zinalala juu ya boriti, miti ya mkoko. Mkoko una urefu wake, ukiisha umeisha. Ndiyo maana nyumba za kale vyumba vyake vyembamba. Fundi Madi alijua hilo kama anavyojua jina lake. Alitakiwa aseme nini? Wewe Kibwana, alitakiwa aseme nini? Eeh. Haiwezekani.

Hakusema. Alisema, "Inawezekana, bwana wangu."

Kwa nini? Kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Basi, hivyo tu.

Akaunga boriti kwa boriti, akafunga kamba, akapiga misumari. Mawe juu, chokaa juu ya mawe. Wanawake wakaishindilia ile chokaa kwa vigongo huku wanaimba, twa, twa, twa. Chini, dari imeshikiliwa na miega, yaani magogo yamesimamishwa kama msitu. Watu wanasifu. Fundi halali. Akipita chini ya ile dari anaingiza shingo mabegani kama mtu anayenyeshewa.

Na kulikuwa na desturi, wajukuu zangu, desturi mbaya. Siku ya kung'oa miega, fundi anakaa chini ya dari yake na mkewe na wanawe, wanakula wali, na miega inatolewa wao wakiwa pale pale. Hapo ndipo mji unaamini kazi.

Siku ikafika. Mji mzima umejaa mlangoni, mfalme mbele yao. Mkewe, Bi Somoe, akaingia na sinia, binti yao Rukia nyuma yake.

"Mkeka nitandike wapi, baba Rukia?"

"Hapo ukutani."

"Ukutani?"

"Katikati kuna upepo."

"Nyumba ya kadhi tulikaa katikati. Ghala la mfalme tulikaa katikati. Leo ndiyo upepo umekujua?"

"Somoe, tandika ukutani."

Bi Somoe akamwangalia. Akaangalia juu. Akamwangalia tena. Kisha akaenda zake, akatandika katikati kabisa, akakaa, akampakata mtoto.

"Njoo ule, mume wangu. Watu wanasubiri."

Msiniulize kama alikuwa na wazimu. Hata mimi nimejiuliza.

Fundi akakaa. Mwega wa kwanza ukatoka. Kimya. Ukatoka wa pili. Dari ikalia, krrr. Vumbi la chokaa likashuka kwenye wali.

"Mama, wali una mchanga," Rukia akasema.

"Kula, mwanangu." Anamjibu mtoto, lakini macho yako kwa mumewe, hayapepesi.

Vibarua wakaukumbatia mwega wa tatu. Fundi akalirudisha tonge kwenye sinia.

"Acheni." Hawakumsikia. Akainua mkono. "Acheni. Mtu asiguse."

Mfalme akauliza, "Kuna nini, Madi?"

"Haisimami bila nguzo, bwana wangu."

"Umejua saa hizi?"

"Nimejua tangu siku ile uliponiambia."

"Kwa hiyo ningejaza watu wangu humu, maharamia wako nje, na wewe ulijua."

"Nilijua."

Kibarua mmoja, bado kakumbatia gogo, akanung'unika, "Na sisi tunaong'oa je? Au sisi si watu?"

Mfalme akamvua Fundi Madi kilemba mbele za watu. Akamwambia, "Weka nguzo zako, kisha nisikuone." Akaziweka, safu nzima katikati ya ukumbi, na dari ikatulia. Kisha wakafunga mizigo, yeye na mkewe na mtoto, wakatoka mjini kwa miguu.

Njiani Bi Somoe akamuuliza, "Ningekaa ukutani, ungesema?"

Fundi Madi akatembea. Akahamisha mzigo bega la pili, akatembea. Mpaka wanazeeka, jibu hakumpa.

Basi nyie, ukiombwa usichokiweza, sema palepale, hata wakuzomee. Ukichelewa, watoto watakuwa wameshakaa chini ya dari yako wanakula.

Kisa changu kimechoka, kimevua viatu. Aliyekipenda aende nacho, asiyekipenda aniachie nikilaze.